Mia kwa mia: ni nani aliyehesabu?



Kila karani wa mine anajua jambo hili. Asubuhi makapita wanaleta karatasi za kazi: watu wangapi wameingia shimoni, wangapi wako hospitali, wangapi wana msiba, wangapi wamekosa bila ruhusa. Karatasi moja ikisema watu 40 juu ya 40 wamefika, hatushangai. Siku moja inaweza kuwa hivyo. Lakini makapita wote wa makambi yote wakileta karatasi zenye kusema hakuna mgonjwa, hakuna aliyefiwa, hakuna mlevi, hakuna aliyelala, karani mwenye akili haandiki kitu katika buku kubwa. Anaweka kalamu chini na kuuliza: ni nani aliyehesabu?

Leo tunauliza swali hilo juu ya kura ya Rais ya tarehe 28 Novemba 2011, namna ilivyokwenda katika jimbo letu la Katanga, jimbo ambalo tangu mwaka 2015 limegawanywa kuwa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wako watakaosema, "Hayo ni ya zamani, maji yalikwisha kumwagika." Kweli, maji yalimwagika. Lakini mtungi uliotoboka ungali nyumbani. Kwa katiba yetu, kura ijayo ya Rais ni ya mwaka 2028, na tutatumwa mtoni na mtungi ule ule.

Tuanze na mambo yanayojulikana na wote. Mwaka ule watu 11 walitaka kiti cha Rais, na watu zaidi ya milioni 32 walijiandikisha katika inchi nzima. Tarehe 9 Desemba mkubwa wa Tume ya Uchaguzi, Pasteur Daniel Ngoy Mulunda, alitangaza hesabu: Joseph Kabila 48.95 kwa mia, Étienne Tshisekedi 32.33 kwa mia, Vital Kamerhe 7.74 kwa mia, na wengine wakagawana mabaki. Kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na kura kama milioni 3. Mahakama Kuu ilikubali hesabu hiyo tarehe 16 Desemba, na tarehe 20 Kabila akaapa. Siku tatu nyuma yake Tshisekedi naye akajiapisha mwenyewe nyumbani kwake Limete. Inchi moja, viapo viwili. Na Kardinali Laurent Monsengwo wa Kinshasa alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu wote kwamba hesabu zile hazipatani na ukweli wala haki.

Hapa Lubumbashi siku yenyewe ya kura haikupita kwa amani. Kabla ya hapo vijana wa UDPS na vijana wa UNAFEC walikuwa wamepigana mitaani. Na siku ile watu wenye silaha walivamia magari ya kubeba karatasi za kura, wakavamia na mahali pa kupigia kura, na watu wakafa. Hata hivyo wenyeji wa mji huu walisimama mstari, jua kali na mvua vikapita juu yao, kila mtu na karte yake mkononi. Ni juu ya watu hao tunaandika. Mtu aliyesimama mstari saa nyingi ana haki ya kujua kura yake ilikwenda wapi.

Sasa tuende kaskazini, katika teritware ya Malemba-Nkulu, ambayo leo iko katika Haut-Lomami. Huko ni inchi ya mto Lualaba na maziwa ya Upemba. Watu wengi ni wavuvi; wengine wanakaa katika vijiji ambavyo wakati wa mvua hupatikana kwa mtumbwi tu. Novemba ni mwezi wa mvua. Huko palikuwa na biro za kura 493, kwa watu zaidi ya laki mbili na nusu. Waangalizi wa Carter Center kutoka Marekani walisoma hesabu ambazo Tume yenyewe ilizitangaza, wakakuta hivi: katika biro hizo 493, watu waliopiga kura ni 99.46 kwa mia, na kura zao zote, 100 kwa mia, ni za mtu mmoja, Joseph Kabila.

Tuifanye hesabu hiyo polepole. Katika kila watu 1,000 waliojiandikisha, watano au sita tu ndio hawakufika. Basi, tangu kujiandikisha kulipokwisha katikati ya mwaka hata siku ya kura, karibu hakuna aliyekufa Malemba-Nkulu. Hakuna mama aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa. Hakuna mzee aliyeshindwa na njia. Hakuna mvuvi aliyekuwa mbali na nyavu zake, wala kijana aliyekwenda Kolwezi kutafuta kazi. Na katika watu wote hao hakuna hata mmoja mwenye ugomvi na chefu wake, hata mmoja aliyemtaka Kamerhe, hata mmoja ambaye kidole chake kilipotea juu ya karatasi yenye picha 11. Wandugu, kijiji cha namna hiyo hakipo duniani. Hata katika nyumba ya baba mmoja na mama mmoja watoto sita hawapendi mboga moja.

Na liko jambo lingine la kushangaza. Katika mahali hapo pa mitumbwi na matope, karatasi za hesabu zilifika zote, hakuna iliyopotea. Lakini Kinshasa, mji mkuu, wenye barabara za lami na magari na wakubwa wote wa Tume, karatasi za biro karibu 2,000 zilipotea, hazikuonekana tena. Huko Kinshasa Tshisekedi alikuwa na wapenzi wengi. Basi mvua iliharibu karatasi penye lami, ikaziacha kavu penye matope! Tuseme nini?

Tuwe watu wa haki. Carter Center wenyewe hawakusema kwamba Kabila hakuwa wa kwanza. Walisema kwamba namna ya kukusanya na kuhesabu haiaminiki, na kwamba kwa hiyo mtu hawezi kujua. Nasi hatusemi zaidi ya hapo. Wala hatusemi kwamba watu wa Katanga hawakumpenda Kabila. Mwaka 2006, katika duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba, Katanga ilimpa zaidi ya 90 kwa mia mbele ya Jean-Pierre Bemba, na watu wachache tu walishangaa. Vita vilikuwa vimetuchosha, na baba yake alikuwa mtu wa huku kwetu. Upendo ule ulikuwa wa kweli.

Hapo ndipo penye swali kubwa. Mtu anayependwa hivyo, anayekwenda kushinda Katanga kwa vyovyote, kwa nini aongezewe? Kwa nini mwizi aibe katika shamba lake mwenyewe?

Jibu liko katika sheria. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba mtu asiyepata nusu ya kura na zaidi hawi Rais. Wawili wa kwanza wanarudi mbele ya watu kwa duru ya pili. Mwezi wa Januari 2011, miezi kumi tu kabla ya kura, Bunge lilibadili neno hilo: duru moja tu, na wa kwanza achukue, hata kwa kura kidogo. Kwa sheria ya kwanza, mtu wa 48.95 kwa mia angerudi duru ya pili. Kwa sheria mpya alikuwa amekwisha. Toka siku hiyo kila kura iliyoongezwa mahali po pote, hata mahali pa wapenzi peke yao, ilikuwa na faida, maana kura zote zinamiminwa katika chungu kimoja.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tutazame kidogo Marekani, ambako mambo ni kinyume. Huko Rais anachaguliwa jimbo kwa jimbo. Kila jimbo lina sauti zake, na karibu majimbo yote hutoa sauti zote kwa aliye wa kwanza, hata akizidi kwa kura moja. Mwaka 2000 jimbo la Florida lilikuwa na sauti 25. Watu karibu milioni 6 walipiga kura huko, na George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura 537 tu. Kwa kura hizo 537 alichukua sauti zote 25, na kwa hizo akawa Rais. Tarehe 12 Desemba Mahakama Kuu yao, majaji watano juu ya wanne, ilisimamisha kazi ya kuhesabu upya; kesho yake Gore akasema amekubali. Watu wengi walinung'unika, na wako wanaonung'unika mpaka leo. Hatuleti habari hiyo ili kuwasifu Wamarekani.

Tunaileta juu ya mambo mawili. La kwanza: kwa sheria ya namna ile, jimbo linalompenda mtu halimzidishii kitu likimpa 100 kwa mia. Sauti ni zile zile. Basi macho ya watu wote yanakwenda penye mashindano makali, na hapo kila upande una mashahidi na wanasheria wake. Kwetu ni kinyume. Kura inayoweza kuongezwa kwa urahisi ni ile ya mahali pasipo mashindano, pasipo shahidi wa upande mwingine, ambapo chefu, mwalimu na mkubwa wa biro wote ni wapenzi wa mtu mmoja. Wizi haufanyiki sokoni penye kelele. Unafanyika nyumbani, taa zikiwa zimezimika.

La pili: karatasi za Florida hazikupotea. Mwaka uliofuata magazeti makubwa yalikodi watu, wakazitazama moja moja karatasi kama 175,000 zilizoleta ubishi, wakaandika walichokiona. Ubishi haukwisha, lakini ulikuwa ubishi juu ya kitu kinachoshikika kwa mkono. Sisi tutabishana juu ya nini, ikiwa karatasi za biro 2,000 hazipo?

Wazee wetu watatuambia kwamba kubadili sheria mchezo ukiwa umekwisha kuanza si jambo geni Katanga. Wanasema kweli. Mwezi wa Mei 1960 watu wa jimbo hili walichagua Bunge lao la viti 60. Conakat ilipata viti 25, na Cartel ya Balubakat ilikuwa karibu yake sana. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ili serikali ifanyike. Cartel walikataa kuingia ukumbini, kwa hiyo chama kimoja hakikuweza kutawala peke yake. Ndipo katikati ya Juni Bunge la Bruxelles likabadili sheria hiyo, na Moïse Tshombe akafanya serikali. Haukupita mwezi, tarehe 11 Julai, akatangaza kujitenga. Kaskazini ya jimbo ikawaka moto, na watu wa Malemba-Nkulu na Manono waliona damu. Sheria iliyogeuzwa haraka ili kumfaa mtu mmoja haikai bila kudai malipo, na anayelipa si yule aliyeigeuza.

Sasa tuulize: katika hesabu ile ya mia kwa mia, ni nani aliyeumizwa?

Wa kwanza ni yule mtu wa Malemba-Nkulu aliyemchagua Kabila kwa moyo wake. Alitembea, akangoja, akatia alama. Kura yake ilikuwa safi. Lakini ilichanganywa na kura za uwongo, na leo hakuna awezaye kuzitenga. Tia konzi moja ya mchanga katika gunia la unga: umeharibu gunia lote, si konzi moja.

Wa pili ni yule aliyechagua mtu mwingine. Sisi tunaamini yupo. Hesabu ile inamwambia kwamba hakuzaliwa, kwamba hana kivuli. Tena inamwambia jirani yake kwamba huku kwetu watu wote ni wa upande mmoja, na asiye wa upande huo ni mgeni. Wandugu, maneno hayo Katanga inayajua. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai, wengine waliozaliwa hapa, wengine ambao baba zao walijenga reli na mashimo ya shaba, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika stesheni za reli wakingoja treni, na watoto wakafa huko. Mambo yale hayakuanza na panga. Yalianza na neno "sisi sote". Yeyote anayesema kwamba jimbo zima lina sauti moja anaandaa njia hiyo, hata akisema kwa tarakimu tu.

Wa tatu ni Rais mwenyewe. Mtu aliyeongezewa kura asizozihitaji hawezi tena kuonyesha zile alizopewa kweli. Kwa miaka yake yote ya mamlaka, kila aliyemchukia alikuwa na neno moja tu la kusema: Malemba-Nkulu.

Wala tusidhani kwamba ni ugonjwa wa chama kimoja. Mwaka 2018, tarehe 30 Desemba, tulipiga kura tena. Kanisa Katoliki lilikuwa limeweka waangalizi wapata 40,000 katika inchi yote. Tume ilitangaza Félix Tshisekedi 38.57 kwa mia na Martin Fayulu 34.83 kwa mia. Maaskofu wakasema hesabu hiyo haipatani na ile ya waangalizi wao. Na safari hii Tume haikutangaza hesabu ya biro kwa biro. Mwaka 2011 uwongo ulionekana kwa sababu karatasi zilitolewa nje; mwaka 2018 dirisha hilo lilifungwa. Waliolia mwaka 2011 walishangilia mwaka 2019. Tuseme wazi: anayekataa wizi pale tu anapoibiwa yeye, huyo hapigani na wizi, anangoja zamu yake.

Basi tufanye nini? Si kukata tamaa. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Mwezi wa Juni 2017 Mahakama ya Rufani yao ilisema kwamba hesabu iliyofanywa katika kituo cha kura ndiyo ya mwisho. Mkubwa wa Nairobi hana ruhusa kuigeuza. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta kura nzima ya Rais, kwa sababu karatasi na namna ya kuzituma hazikufuata sheria. Na mwaka 2022 Tume yao iliweka wazi karatasi za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Watu walibishana bado, wakaenda mahakamani, lakini walikwenda na karatasi mkononi. Ile karatasi ya kituo, ambayo sisi tunaiita PV, ndiyo moyo wa kura. Hotuba, nyimbo na vitambaa vya chama ni nguo tu.

Kwa hiyo tunawaambia wasomaji wetu mambo manne.

La kwanza: ukipiga kura usikimbilie nyumbani. Sheria yetu inataka hesabu ifanyike mbele ya mashahidi na ibandikwe mbele ya biro. Ngoja ibandikwe. Iandike katika daftari, ipige picha kwa simu. Karatasi yenye nakala 20 katika mifuko ya watu 20 haipotei njiani.

La pili: shahidi wa chama asiende na tumbo tupu. Vyama vinapeleka vijana saa kumi na moja asubuhi bila posho wala taa, halafu vinashangaa wakitia sahihi yao chini ya karatasi nyeupe saa sita ya usiku. Mwenye njaa analindaje kitu?

La tatu: tujifunze kujumlisha. Hesabu si mambo ya wakubwa peke yao. Tazama waliojiandikisha, tazama waliopiga kura, uliza juu ya wagonjwa na wafu. Hesabu isiyo na mabaki, ihesabu tena.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: kura ya ngome ilindwe na wenye ngome. Huko Malemba-Nkulu shahidi wa Tshisekedi asingeweza kufanya kitu, hata kama angekuwepo. Wangeweza wapenzi wa Kabila wenyewe: mwalimu, katekista, mkubwa wa wavuvi, mtu mmoja tu wa kusema, "Mtu wetu ameshinda hapa kwa haki; msimwongezee hata moja." Vivyo hivyo leo, mwenye mtu wake Mbuji-Mayi aseme huko, mwenye mtu wake Bukavu aseme huko, nasi wa Lubumbashi tuseme hapa, juu ya mtu tunayempenda, mbele ya ndugu zetu watakaotukasirikia. Kumkemea mwizi wa upande mwingine ni kazi rahisi, hata mtoto anaiweza. Kumshika mkono ndugu yako ndiyo kazi ya raia.

Katanga haihitaji mia kwa mia. Inahitaji hesabu ambayo aliyeshindwa anaweza kuisoma na kusema: nimeshindwa. Siku tutakapoiona Malemba-Nkulu ikitoa 83 kwa mia, na kura mia kadha zilizoharibika, na wagonjwa wasiofika, na biro moja ambayo mvua ilichelewesha karatasi zake siku mbili, siku hiyo tutajua kwamba watu walihesabiwa kweli.